Uliyekohoa Mkutanoni: Mwongozo kwa Kiongozi Mpya wa Chama cha Taifa cha Wenye Vishamba

Hongera. Ulikuja kwenye mkutano mkuu kwa ajili ya chai na biskuti, ukakaa mstari wa mbele kwa kuwa viti vya nyuma vilikwisha kujaa, na mwenyekiti aliyemaliza muda wake alipouliza nani yuko tayari kupokea kijiti, wewe ndiye uliyekohoa. Sasa u kiongozi wa chama cha taifa cha watu wanaolima vishamba vya kukodi nchini Uingereza. Makofi uliyopigiwa hayakuwa ya furaha. Yalikuwa ya watu walionusurika.

Mwongozo huu ni wako, na pia ni wa yeyote aliyeko Morogoro au Malindi anayedhani kwamba watu wanaopenda kabichi ni watu wapole.

Tuanze na mali yenyewe. Kishamba cha kukodi ni kipande cha ardhi, mara nyingi cha halmashauri, kilichoko kando ya reli, nyuma ya makaburi au pembeni mwa uwanja wa mpira. Anayekilima huenda anaishi ghorofani, maili mbili kutoka hapo, nawe utamwona kwenye basi akiwa na reki mkononi, abiria wengine wakimpisha. Kipimo cha kawaida ni fimbo kumi za mraba, yaani kiasi cha mita za mraba 250. Umesoma sawasawa: fimbo. Mita zimeingia shuleni, hospitalini na madukani, lakini kishamba bado kinapimwa kwa fimbo, na ukitaka kujua wanachama wako wana umoja kiasi gani, pendekeza fimbo ziondolewe kwenye fomu. Wataungana siku hiyohiyo, dhidi yako.

Vishamba hivyo leo ni zaidi ya 300,000. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipowahimiza raia walime ili nchi isife njaa, vilikaribia milioni 1.4. Tofauti ya tarakimu hizo mbili imegeuka nyumba, barabara, maegesho ya magari na maduka makubwa yanayouza kabichi. Ikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo kazi yako hasa, ingawa itapita miezi mingi kabla hujapata nafasi ya kuishughulikia. Kwanza kuna suala la jogoo.

Lakini tusimfikie jogoo kabla hujajua uliko. Chama cha taifa kilichopo, National Allotment Society, kiliundwa mwaka 1930 na makao yake yako Corby, mji uliokuwa maarufu kwa viwanda vya chuma. Ni chama cha ushirika: wanachama ndio wenye mali, na mkutano mkuu ndio mwisho wa maneno. Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa ushirika wa kahawa au wa pamba hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni moja tu: kwenye kahawa watu hugombania fedha, kwa hiyo ugomvi huisha fedha zikiisha. Kwenye vishamba hakuna fedha, na kwa hiyo hakuna kinachoumaliza ugomvi.

Wanachama wa chama cha namna hii si wa aina moja. Kuna watu binafsi, kuna vyama vidogo vya kila eneo, kuna shule, na kuna halmashauri zenyewe. Rudia sentensi hiyo taratibu. Mwenye ardhi na mpangaji wake wamo katika daftari lako lilelile. Asubuhi atakupigia simu mpangaji kuuliza afanyeje ili aibane halmashauri. Mchana itakupigia halmashauri kuuliza ifanyeje ili imwondoe mpangaji. Wote wamelipa ada. Wote wanataka jibu la mwanasheria, si lako. Kosa la wageni wengi ni kumjibu wa kwanza kwa moyo wote, halafu wakakosa la kumwambia wa pili.

Jihadhari pia na neno “taifa”. Uskoti ina chama chake na ina sheria yake ya mwaka 2015, inayozitaka halmashauri zichukue hatua ili mtu asisubiri kishamba zaidi ya miaka mitano. Usiende Edinburgh kuhutubia kuhusu sheria za Uingereza. Na usiende Cardiff ukasema “sisi Waingereza”, hata kama sheria inayotumika Wales ni hiyohiyo ya kwenu. Kinachotumika ni sheria. Wewe si lazima utumike.

Sasa mtego mmoja wa kihistoria, maana utakutana nao kila baada ya miaka michache ukiwa umevaa nguo mpya. Mwaka 1965 serikali iliunda kamati chini ya Profesa Harry Thorpe wa Chuo Kikuu cha Birmingham ichunguze hali ya vishamba. Profesa akazunguka, akaona mabanda yaliyojengwa kwa milango ya zamani na mabati ya kutu, akalinganisha na bustani safi za Ulaya bara, na mwaka 1969 akatoa ripoti nene: vishamba viwe bustani za mapumziko, za kupendeza, mahali pa familia nzima. Serikali ikamshukuru sana. Sehemu kubwa ya mapendekezo haikuwahi kuwa sheria. Kilichobaki hadi leo ni neno moja lililoongezwa kwenye jina rasmi la chama, ambalo sasa ni refu kiasi kwamba haliwezi kuandikwa kwenye hundi bila kupinda mwishoni.

Kila majira ya kiangazi atarudi mwanachama mmoja kutoka likizo Berlin akiwa na moto wa Profesa Thorpe. Amewaona Wajerumani! Kule kibanda kinaruhusiwa kufika mita za mraba 24, kuna kiti cha kubembea, kuna bendera, kuna bia. Msikilize kwa adabu, kisha mwambie yaliyobaki: sheria ya Ujerumani ya mwaka 1983 imeweka ukomo wa bustani yenyewe, ambao kwa kawaida ni mita za mraba 400, na mahakama yao kuu ikasema mwaka 2004 kwamba kiasi cha theluthi moja ya eneo lazima iwe matunda na mboga. Yaani kuna mtu anayepita akipima. Mwanachama wako, ambaye robo tatu ya kishamba chake ni magugu na robo iliyobaki ni gari bovu, hatalitaja tena suala hilo hadi mwakani.

Haya, jogoo.

Sheria ya mwaka 1950 ilimpa mwenye kishamba haki ya kufuga kuku majike na sungura, hata kama mkataba wake unakataza, ili mradi asifanye biashara na wanyama wasiwe kero au hatari kwa afya. Wabunge walikuwa wametoka vitani na mayai yalikuwa ya mgao, walijua wanachosema. Wakasema majike. Jogoo hakutajwa. Kutokana na ukimya huo mmoja utapokea barua zisizokwisha. Kuna atakayekuandikia kwamba alinunua vifaranga sita vya kike na mmoja amewika. Kuna jirani aliyerekodi kuwika huko saa kumi na moja alfajiri, akakutumia sauti yenyewe uisikilize. Kuna atakayedai kwamba jogoo wake ni mnyama wa kumliwaza tu, si wa kufugwa. Na tangu Oktoba 2024, anayefuga kuku nchini Uingereza, hata kama ni mmoja, lazima amsajili serikalini kwa ajili ya kudhibiti mafua ya ndege. Kwa hiyo yule jogoo ambaye hana haki ya kuwepo ana wajibu wa kuandikishwa. Usijaribu kulifafanua hili kwa simu.

Msimu wa simu una kalenda yake, na ukiijua utapanga likizo vizuri. Machi ni makufuli: mtu amebadilisha kufuli la geti na funguo amewapa rafiki zake. Aprili ni kodi ya kishamba kupanda, na sheria haisemi ipande kiasi gani; inasema tu iwe ile ambayo mpangaji anaweza kutarajiwa kulipa kwa haki, na kila mpangaji anajua haki ni ya mwaka juzi. Mei ni makoa. Koa wa Uingereza hula usiku, hupenda mche uliopandwa jana kuliko uliopandwa wiki iliyopita, na hana chama cha taifa, jambo linalomfanya afanikiwe. Juni ni moto na moshi, na nguo za jirani zilizokuwa zimeanikwa.

Julai ni bakajani chelewa. Ugonjwa huu wa viazi na nyanya ndio uliotua Ireland mwaka 1845, kwa hiyo hakuna anayeuchekea. Wataalamu wana kigezo cha kutahadharisha: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku kati ya hizo unyevu wa hewa ukafika asilimia 90 au zaidi kwa saa sita au zaidi. Ukiyaeleza haya kwa mwanachama atakuambia kwamba hiyo ndiyo hali ya hewa ya Uingereza tangu Noa. Atakuwa na hoja. Mwambie akate mashina, ayaondoe, avune viazi vilivyobaki, na asikupigie tena kabla ya Agosti. Agosti ni wiki ya kitaifa ya vishamba, wiki ambayo wewe utakuwa umevaa fulana yenye maandishi na kupokea mamumunye. Kila mtu ana mamumunye ya ziada mwezi huo. Waliokutukana Machi wanakupa mamumunye.

Ya Septemba nitayaacha, ila neno moja kwa atakayealikwa kaskazini mashariki mwa Uingereza, pande za Northumberland, kuwa mgeni rasmi kwenye maonyesho ya liki. Kule wachimba madini walirithisha watoto wao mashindano ya kukuza liki nene kama mkono, na imetokea liki za mshindani zikakatwakatwa usiku wa kuamkia mashindano. Watu hulala kishambani wakizilinda. Toa zawadi, kula mkate, usisifu liki yoyote kabla ya majaji.

Kuna simu moja, hata hivyo, usiyoruhusiwa kuifanyia mzaha. Mwaka 2008 wenye vishamba sehemu nyingi za nchi waliona nyanya zao zikijikunja, maharage yakipinda kama yaliyoungua, viazi vikitoa majani yenye umbo la ajabu. Wengi walijilaumu, wengine wakalaumu jirani. Sababu ilikuwa samadi. Mashamba makubwa yalikuwa yamepuliza majani ya malisho dawa ya kuua magugu iitwayo aminopiralidi. Ng'ombe na farasi wakala majani hayo, dawa ikapita tumboni mwao bila kuvunjika, ikatokea kwenye kinyesi, na kinyesi kikapakiwa na kupelekwa vishambani kama zawadi. Matumizi ya dawa hiyo yalisimamishwa mwaka huohuo kabla ya kurudishwa kwa masharti makali zaidi. Hapa ndipo chama cha taifa kinapojua kwa nini kipo. Mtu mmoja mwenye nyanya zilizojikunja ni mkulima mbaya. Watu mia kutoka mikoa mbalimbali wenye nyanya zilizojikunja ni ushahidi. Lakini ili wawe mia, lazima kuwe na mahali pamoja wanapopiga simu, na lazima aliyepokea awe ameandika, badala ya kusema “mwaka huu mvua imezidi” na kukata. Tangu hapo ushauri ni uleule: kabla hujamwaga toroli la samadi usiyoijua, ichanganye na udongo kwenye chungu, panda maharage machache, ngoja wiki tatu uone majani yanakujaje.

Nakuomba sasa utoke ofisini, maana utaambiwa ushuhudie ukaguzi.

Ukaguzi wa vishamba hufanywa na mzee mwenye ubao wa kuandikia, penseli iliyofungwa kwa uzi, na uso wa mtu anayekwenda kutoa habari za msiba. Anapita njia hadi njia akiandika asilimia: iliyolimwa, isiyolimwa. Akiona zulia kuukuu limetandikwa kuzuia magugu, anaandika. Akiona bafu la kuogea limejaa maji ya mvua, anasita, maana na yeye analo. Anayepatikana na kishamba pori hupewa barua ya onyo, na asipojirekebisha hupoteza kishamba, na hapo ndipo aliye juu ya orodha ya kusubiri, anayechungulia juu ya uzio kila Jumapili, hupata matumaini.

Chukua mfano wa Leicester. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu yao walihamia mji huo, na vishamba vyake vikaanza kunukia uwatu na giligilani. Tuseme kuna mama mmoja wa Tanga aliyepata kishamba jirani na mzee wa Kampala. Mkaguzi anasimama mbele ya matuta ya mama huyu, anaangalia, anaandika: magugu, asilimia sabini. Na kwa vitabu alivyosoma hajasema uongo. Tuta la kwanza ni mchicha, ambao ndugu yake huota Uingereza bila kupandwa na hung'olewa. Tuta la pili ni mnavu, ambao Waingereza wanaufundisha watoto wao kuwa ni sumu. La tatu ni maboga yasiyo na maboga, kwa sababu mama anachuma majani.

“Shikamoo baba,” mama anamwambia jirani yake, akimwonyesha barua ya onyo. “Hebu nisomee, hawa wananifukuza?”

“Marahaba, mama. Wacha, mimi nitasema na yeye. Hata mimi mwaka ile ya kwanza waliandikia uwatu yangu barua.”

Mzee anamwita mkaguzi, anamvunjia tawi la mchicha, anamweleza unavyopikwa kwa nazi. Mkaguzi anasikiliza kwa dakika ishirini na kufuta sabini, anaandika ishirini na tano. Ya mnavu hakubali. Anakuandikia wewe, makao makuu, kuuliza msimamo wa chama kuhusu mnavu, nawe hapo hapo unagundua kwamba chama hakina msimamo kuhusu mnavu, na kwamba ukiunda msimamo utahitaji kamati. Kumbuka Profesa Thorpe. Jibu kwamba sheria ya mwaka 1922 inataka kishamba kilimwe zaidi kwa mboga na matunda ya kuliwa na mlimaji na familia yake. Haisemi mboga za nani. Familia ya mama inaula mnavu huo kila wiki na ingali hai. Barua imefungwa.

Kuhusu mkutano mkuu wa mwaka nitasema kwa ufupi, kwa kuwa umeshahudhuria mmoja na unajua ulivyokugharimu. Ajenda itapita haraka: taarifa ya mweka hazina itapokelewa na watu watatu walio macho, bima itajadiliwa dakika mbili, marekebisho ya katiba yenye kurasa kumi na nne yatapita bila kupingwa. Kisha mtafika kwenye mengineyo. Usitabasamu mnapofika kwenye mengineyo. Hapo ndipo mjumbe wa mkoa fulani atasimama na karatasi aliyoiandaa tangu Novemba, na karatasi hiyo inahusu bomba la maji lililopasuka kwenye eneo ambalo si la halmashauri wala la chama, na anataka jina la aliyelipasua liingizwe kwenye muhtasari. Mwache amalize. Mwambie itaingizwa kwamba suala limezungumzwa. Hilo ndilo alilolitaka siku zote.

Usionekane na chama chochote cha siasa. Agosti 2025 ilipojulikana kwamba Angela Rayner, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya makazi, ameidhinisha kuuzwa kwa maeneo manane ya vishamba, Jeremy Corbyn, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na kishamba chake kaskazini mwa London, alipinga hadharani, na kwa siku kadhaa kila gazeti lilitaka neno la chama cha vishamba. Miongoni mwa wanachama wako wako wanaompenda Corbyn kama mtakatifu na wako ambao wasingempa hata mbegu ya figili. Wote wanasoma magazeti. Sema kuhusu sheria, usiseme kuhusu watu.

Na sheria yenyewe ndiyo hii, nayo nimeichelewesha makusudi, kama utakavyoichelewesha na wewe kwa sababu ya jogoo.

Sheria ya mwaka 1908 iliipa halmashauri wajibu: wapiga kura sita, au walipa kodi ya halmashauri sita, wakiandika kuomba vishamba, lazima ombi lao lifikiriwe, na ikionekana mahitaji yapo, halmashauri itafute ardhi. Watu sita tu. Wajibu huo haumo katika halmashauri za katikati ya London, zilizoondolewa mwaka 1963, kwa hiyo usiwape matumaini watu wa huko. Sheria ya 1922, kama ilivyorekebishwa 1950, inasema mwenye ardhi akitaka kumwondoa mpangaji aliyelipa kodi na kutunza masharti lazima ampe notisi ya miezi kumi na miwili, na notisi hiyo iishe tarehe 6 Aprili au kabla, au tarehe 29 Septemba au baada. Aliyeiandika alikuwa anajua kilimo: mtu asing'olewe viazi vikiwa ardhini. Sheria ya 1925 ndiyo ngome. Kifungu chake cha nane kinasema ardhi ambayo halmashauri iliinunua au kuitenga rasmi kwa ajili ya vishamba haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa matumizi bila idhini ya waziri, na waziri hatakiwi kuitoa mpaka aridhike kwamba wakulima watakaoondolewa wamepangiwa mahali pengine, au kwamba hakuna haja ya kufanya hivyo, au haiwezekani.

Angalia maneno “iliyonunuliwa au kutengwa rasmi”. Hapo ndipo watu hulia. Kuna maeneo yaliyolimwa kwa vizazi vitatu ambayo kwenye makaratasi ni ya muda tu: halmashauri iliyaweka akiba kwa ajili ya makaburi au shule, ikawaruhusu watu walime kwa sasa, na “sasa” ikachukua miaka sabini. Hayo hayana ngome. Ya shirika la reli, ya kanisa, ya mtu binafsi, hayana ngome. Mlimaji hajui tofauti, maana kabichi haijui tofauti.

Hata penye ngome, ngome si ukuta wa chuma. Wakulima wa Farm Terrace huko Watford walishindana na uamuzi wa serikali kwa miaka kadhaa, wakafanya utenguliwe na kutolewa upya, na mwishowe wakashindwa mahakamani mwaka 2016. Kule mashariki mwa London, vishamba vya Manor Garden, ambavyo vilikuwa vimelimwa karibu karne nzima, viliondolewa mwaka 2007 kupisha eneo la Michezo ya Olimpiki ya 2012, na wenyewe wakahamishiwa Leyton. Mashindano yalidumu wiki mbili na siku kadhaa.

Ukipigiwa simu siku trekta la kusawazisha ardhi limesimama getini, umechelewa. Siku hiyo waliokuwa wakigombania kufuli watakumbatiana, mkaguzi na mama wa Tanga watabeba bango moja, na wote watakuuliza karatasi iko wapi. Karatasi ipo, au ilikuwepo: kumbukumbu ya kikao cha halmashauri cha mwaka 1921, au hati ya ununuzi, au ramani yenye mstari mwekundu. Iko kwenye kabati la ofisi ambayo imehama mara tatu, na mtumishi aliyejua kabati lipi amestaafu.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza kazini usijibu barua ya jogoo. Viandikie vyama vyote vya maeneo, kila kimoja kiende halmashauri kuuliza mambo matatu: ardhi yetu ilipatikana lini, kwa sheria ipi, na nani anayo hati. Wapate jibu kwa maandishi, lenye muhuri na tarehe. Watoe nakala mbili, moja wakuletee ofisini na moja wakae nayo. Ile watakayokaa nayo wasiiweke kwenye kibanda cha kishambani, mna panya.